Wapo Tu

Kuna jaribio moja la fizikia ambalo limenikalia kichwani kwa muda mrefu, na si kwa sababu za kifizikia. Wanachukua kipande cha metali, chembamba kuliko unywele, wanakisimamisha katikati ya chumba kilichotolewa hewa yote, kisha wanakipiga kwa leza. Siyo ile leza ya mwalimu ya kuonyeshea ramani ukutani. Mpigo wa hii unadumu sehemu moja ya trilioni ya sekunde, mara nyingine chini ya hapo kwa mbali, na nguvu yake yote imebanwa kwenye doa dogo ambalo jicho halilioni. Katika muda huo metali haipati hata nafasi ya kuyeyuka. Elektroni zinang'olewa kwenye atomu zake na kurushwa kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga. Watafiti wanaziita elektroni za moto, na swali lao linasemeka kirahisi: za moto kiasi gani?

Nililikuta swali hili kazini. Tarehe 5 Desemba 2022 maabara ya Lawrence Livermore, California, ilielekeza leza 192 kwenye kikopo kidogo cha metali chenye tembe ya haidrojeni ndani yake. Leza zilipeleka nishati ya megajouli 2.05, na muungano wa viini vya atomu ukatoa megajouli 3.15. Dunia nzima ikaandika. Chumba chetu cha habari nacho kilitaka maneno mia nne kabla ya saa kumi na mbili jioni, kikayapata. Ila ukishaanza kusoma mambo hayo usiku huachi, na katika kusoma huko ndipo nikakutana na hizi elektroni, ambazo kwenye habari yangu hazikuwa na nafasi hata ya sentensi moja.

Kilichonivuta kwanza ni hadhi yao, maana haitulii. Katika jaribio la aina ile ya Livermore, elektroni za moto ni kero: zinatangulia kwenye tembe na kuipasha kabla haijabanwa, na kitu kikishapata moto mapema kinakuwa kigumu kubana. Lakini mwaka 1994 watafiti wa maabara hiyohiyo walitoa wazo lingine. Bana tembe kwanza, walisema, halafu tumia leza kali ya mpigo mfupi kuzirusha elektroni za moto ziiwashe, kama kiberiti. Kitu kilekile, mlango mmoja kero, mlango wa pili mkombozi. Msomaji aliyewahi kupanga biashara kando ya barabara Dar es Salaam ameshaanza kuona ninakoelekea.

Sasa, unazipimaje? Kipimajoto hakuna. Elektroni yenye nishati ya elektronivolti milioni moja, ukiigeuza kuwa jotoridi, unapata nyuzi bilioni 11.6, wakati katikati ya Jua ni nyuzi milioni 15 hivi. Njia ya wazi zaidi ni kungoja nje. Unaweka sanduku lenye tundu dogo, ndani yake sumaku. Elektroni ikiingia, sumaku inaipinda: yenye nishati ndogo inapinda sana na kuangukia karibu, yenye nishati kubwa inapinda kidogo na kuangukia mbali. Chini wametandika bamba la aina ileile inayotumika kwenye vyumba vya eksirei vya hospitali, lile linalohifadhi alama mpaka lisomwe kwa mwanga wa leza. Ukilisoma unajua elektroni ngapi ziliangukia wapi. Unachora mchoro, na mchoro huo karibu kila mara unashuka: zenye nishati ndogo nyingi, zenye nishati kubwa chache, zenye nishati kubwa sana chache mno. Kasi ya huo mteremko ndiyo inayotoa namba wanayoiita jotoridi. Namba moja kwa umati wote.

Lakini hizo zilizofika kwenye sanduku ni zipi? Hapo ndipo penye mkasa.

Elektroni za kwanza zikitoka kwenye bati, bati linabaki na chaji chanya. Chaji chanya inavuta elektroni. Kwa hiyo kila inayotoka inaongeza mvuto wa kuzirudisha zinazofuata, na baada ya muda mfupi kupita kiasi mlango unakuwa umefungwa kwa zote isipokuwa chache zenye nishati ya kuushinda mvuto huo. Sehemu kubwa kabisa haitoki. Inafika upande wa nyuma wa bati, inachungulia nje kidogo, inarudishwa, inakwenda upande wa mbele, inarudishwa tena. Sanduku lenye sumaku haliioni hata moja kati ya hizo. Linahesabu zilizotoroka tu.

Na kazi yote, karibu yote, inafanywa na zilizobaki. Ndizo zinazolipasha bati. Ndizo zinazotoa eksirei zinapopunguza mwendo kwa kugongana na atomu. Ndizo zile ambazo, kwa kule kuchungulia na kurudishwa, zinajenga upande wa nyuma wa bati uwanja wa umeme mkali unaorusha protoni. Mwaka 2000 Livermore ilitangaza protoni zilizofikia elektronivolti milioni 58 kwa njia hiyo, na tangu hapo kuna watu wanaota kuzitumia kutibu saratani. Zilizotoroka hazikufanya lolote kati ya hayo. Zilitoka, zikapimwa.

Wanafizikia wanalijua hili, na ndiyo maana ninawaheshimu. Hawasemi "hii ndiyo hali ya ndani ya bati" kwa kuangalia sanduku la nje. Wanafukia tabaka jembamba la shaba ndani ya bati la metali nyingine. Elektroni ikipita kwenye shaba, shaba inatoa eksirei yake maalumu, na hiyo inaonekana kutoka nje. Au wanapanga vichujio vya metali, kimoja nyuma ya kingine, na kupima zile eksirei za mgongano zinafika hadi kichujio cha ngapi. Halafu wanalinganisha, na mara nyingi vipimo havikubaliani. Kuna kanuni mbili maarufu za kukisia jotoridi hilo kutokana na ukali wa leza, moja ya mwaka 1992 iliyotokana na hesabu za kompyuta, nyingine ya 1997 iliyotokana na majaribio. Ukizipeleka kwenye leza kali za leo zinapishana mara mbili, mara tatu, na pengo linakua kadiri leza inavyokuwa kali. Watu wazima, wenye shahada za kutosha, wanabishana miaka thelathini juu ya jotoridi la bati lisilofikia unene wa unywele. Na moja ya hoja kubwa katika ubishi huo ni hii: waliotoka wanaweza kuwasemea waliobaki?

Nihamie Mchinga, kwa sababu sijui mahali pengine Tanzania ambapo swali hilo linauma zaidi.

Mchinga ipo kwenye pwani ya Lindi, kaskazini ya Lindi mjini, barabara ya kwenda Dar inapita hapohapo. Kuna ghuba, kuna mikoko, kuna minazi na mikorosho, ufuta kwa msimu wake, na mashamba ya chumvi kwenye pwani hiyo. Watanzania wengi hawajafika, na hawana haja ya kufika, kwa sababu wanaamini wanaijua. Maelezo yanayosikika zaidi ya neno "machinga" ni kwamba linatokana na Wamachinga, watu wa upande huu wa Lindi, vijana wao waliokwenda Dar es Salaam na kutembeza bidhaa mkononi. (Wapo wanaosema linatokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya jamaa wanaotembea. Mimi hilo naliona ni la kijiweni.) Leo machinga anaweza kuwa Msukuma, Mgogo, Mhaya. Kuna jengo la ghorofa Ilala linaitwa Machinga Complex. Kuna soko Dodoma lina jina hilo. Watu wa eneo moja la pwani wamegeuka kuwa jina la kazi, na kazi yenyewe ni ile iliyofanywa na wale tu walioondoka.

Hadhi ya jina hilo nayo haitulii. Mwaka 1983 ilipitishwa sheria ya nguvu kazi, na watu walioonekana hawana kazi ya kutambulika wakakusanywa Dar es Salaam kurudishwa mashambani. Desemba 2018 Rais Magufuli akagawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, na machinga akawa mlipaji anayetambulika, asiyesumbuliwa. Oktoba 2021 wakaondolewa kandokando ya barabara na kupelekwa maeneo yaliyopangwa. Kero, mkombozi, kero. Mtu ni yuleyule, meza ni ileile, kilichobadilika ni jaribio.

Lakini hao tunaogombana juu yao ni wale waliofika kwenye sanduku. Ninaowataka mimi ni wengine.

Mwaka jana nilishuka Mchinga, nikakaa na bibi mmoja aliyekuwa anauza nazi na korosho za kukaanga kando ya barabara. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za safari, nikamuuliza ana watoto wangapi. Saba. Wangapi wako Dar? Wanne. Na hapo akafunguka. Mmoja yuko Tandika, anauza mitumba, mwanzoni alikuwa anauza maji. Mmoja fundi simu Mbagala, huyo ndiye aliyempelekea mabati ya nyumba. Wa tatu Kariakoo, ana kifua, dawa za kule hazimsaidii. Wa nne alianzia Dar akapotelea Zanzibar, hata simu hapigi. Kila mmoja na mtaa wake, na mwaka alioondoka, na ugonjwa wake.

"Na hao watatu, bibi?"

"Hao? Hao wapo tu, mwanangu."

Mmoja wa hao waliopo tu alikuwa nyuma yetu anashusha kuni kwenye baiskeli.

Sitaki mtu asome dharau kwenye jibu hilo, kwa sababu haikuwepo. Kiswahili chetu ndivyo kilivyo. Ukikutana na mtu baada ya miaka, ukamuuliza habari za siku nyingi, anakujibu "nipo tu", maana yake hakuna msiba, hakuna ajali, hakuna la kusimulia. Kuwepo si habari. Habari ni kutoka. Mama mwenyewe, aliyewazaa wote saba, ana mchoro mzuri wa wanne na namba moja kwa watatu. Kwa hiyo tusijidanganye kuwa upofu huu ni wa watu wa Dar na wa serikali peke yao. Upo kwenye namna tunavyosimulia, na tumeurithi kwa watu waliotupenda.

Hapa ndipo swali linakuwa la haki, siyo la vipimo tu. Tukiwajua watu kwa waliowaacha, tunawafanyia waliobaki makosa mawili. La kwanza, tunawapa tabia ya waliotoka: mtu wa Lindi akionekana ofisini anaulizwa kwa utani kama amekuja na bidhaa. La pili ni baya zaidi na linakwenda upande wa pili: tunawafanya kuwa kinyume cha waliotoka. Aliyetoka alichakarika, ni mpambanaji, katoboa. Basi aliyebaki hakuchakarika. Hakuna anayelisema waziwazi, lakini limo ndani ya kila hadithi ya kijana aliyeanza na shilingi elfu tano Kariakoo na sasa ana duka. Hadithi hizo ninazijua, chama changu cha waandishi kinaishi kwa hizo.

Najua nitakachoambiwa: watu siyo elektroni. Elektroni haichagui. Kijana anachagua, anapanda basi kwa akili zake, na kuchagua kunaonyesha tabia.

Hoja nzuri, na nimekaa nayo. Lakini tazama inavyokwenda. Fizikia inasema elektroni zote ni sawa kabisa, hakuna elektroni mchapakazi na elektroni mvivu. Tofauti ya iliyotoroka na iliyobaki ni mahali iliposimama mpigo ulipofika, upande ilioelekezwa, na kama iliwahi kabla mvuto haujajengeka. Sasa waulize waliopo Kariakoo walifikaje. Atakuambia alikuwa na mjomba Temeke. Atakuambia yeye ni wa tatu, na wa kwanza ilibidi abaki na mama. Atakuambia aliondoka mwaka ule ufuta ulipopata bei, nauli ikapatikana. Mahali, upande, wakati. Nguvu ya mtu ipo, siikatai, ila inaanza kuhesabika baada ya hayo matatu kukaa sawa, na sisi tunaihesabu peke yake kwa sababu ndiyo inayosimulika vizuri.

Kuna mahali mfano wangu unavunjika, na ni bora niuvunje mwenyewe. Elektroni inayotoka inawafungia mlango zinazofuata. Mtu anayetoka anaufungua: ana chumba Mbagala, wadogo zake watalala sakafuni hapo mpaka wapate chao. Kwa watu wa kusini mvuto wa kurudisha ulitoka kwingine. Ulitoka kwenye sheria kama ile ya 1983, na ulitoka kwenye barabara. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mto Rufiji mwaka 2003, safari ya Lindi na Dar ilipita kwenye kivuko, na msimu wa mvua mtu aliweza kulala njiani siku kadhaa. Na tofauti ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza: elektroni iliyotoroka haitumi pesa nyumbani. Mabati ya bibi yalitoka Mbagala. Aliyetoka na aliyebaki ni uchumi mmoja, anayetembeza bidhaa huko amelelewa na korosho za huku, na watoto wake pengine wanalelewa huku hadi leo. Ukimpima mmoja bila mwingine umepima nusu ya kitu.

Utasema basi kuna sensa. Ipo, na ni kazi kubwa. Sensa ya 2022 iliwahesabu watu pale walipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti: aliyelala Mbagala alihesabiwa Mbagala. Mkoa wa Lindi ulipata watu 1,194,028, Dar es Salaam 5,383,728. Kati ya 2002 na 2012 Lindi ilikua kwa asilimia 0.9 kwa mwaka, wakati taifa lilikua kwa 2.7. Ukiisoma namba hiyo ya 0.9 unaweza kuhisi mlango ukifunguka na kufungwa, lakini haikuambii waliobaki walikuwa wanafanya nini ndani. Kwa hilo unahitaji tabaka la shaba, kitu kinachokaa ndani na kutoa ishara kila mtu anapopita. Mwalimu aliyekaa kijijini miaka ishirini ni kitu hicho. Mkunga pia. Mtendaji wa kijiji naye, siku akiwa na daftari linalosomeka. Mwandishi anayeshuka kwenye basi kwa saa mbili akanunua korosho si kitu hicho; yeye ni sanduku lenye tundu, amesogezwa karibu kidogo.

Hili si jambo la kufikirisha tu, maana leza nyingine imeelekezwa Lindi. Juni 2022 serikali ilisaini na Equinor na Shell makubaliano ya awali kuhusu mtambo wa kusindika gesi asilia kuwa kimiminika, na eneo lililotengwa ni Likong'o, pwani hiihii. Mazungumzo yamekuwa marefu, lakini siku mpigo utakapofika utakuwa mkali kuliko chochote ambacho pwani hii imewahi kupata: fedha, barabara, nyumba za kupanga, wageni wenye mishahara. Watakaorushwa nje tutawaona. Mmoja atapata zabuni ya chakula, mwingine atauza kiwanja na kununua Noah, na sisi tutakwenda na kamera. Tutachora mteremko, tutatoa namba moja, tutaita hiyo ndiyo hali ya Lindi.

Wanafizikia wana taratibu moja hapo. Tabaka la shaba linafukiwa wakati bati linatengenezwa. Bati lenyewe halirudiwi, kila moja linapigwa mara moja na kwisha, kwa hiyo kila chombo cha kupimia kinakuwa mahali pake kabla taa nyekundu haijawaka na watu hawajatoka chumbani. Ukikumbuka shaba baada ya mpigo, hakuna tena bati la kuiwekea. Pwani hii leo bado unaweza kuhesabu ngalawa asubuhi zinapotoka na kujua ni za nani. Unaweza kuuliza shamba la chumvi linaajiri wangapi, kwa siku wanalipwa kiasi gani, na wakati wa mvua wanakula nini. Unaweza kwenda shuleni ukahesabu watoto wanaolelewa na bibi zao. Madaftari ya shilingi elfu mbili yanatosha kuanzia, na kwa sasa taa bado haijawaka.